Mikono Sita ya Mafundi Wawili

Mama alivunjika nyonga uani kwetu Muyeye, kwenye mteremko unaoanzia kizingitini mwa mlango wa nyuma. Mvua ilikuwa imechukua mchanga wote na kuacha mawe matupu. Hata alipoweza kusimama tena kwa mkongojo hakuthubutu kushuka pale. Chumba chake kikawa mahali ambapo watu huvua viatu na kuingia kimyakimya, wakakaa ukingoni mwa kitanda na kumwuliza usiku amelalaje. Hilo lilimuudhi kuliko maumivu yenyewe, maana miaka yote alikuwa mwanamke wa kupokea wageni.

"Nimechoka kutazamwa," aliniambia. "Idi hii nataka kukaa nje. Watu waje kwangu kama wanavyokwenda kwa wenzangu."

Nikaamua kujenga. Ua ungejazwa kifusi mpaka uwe sawa na kizingiti, utandazwe mawe bapa ya Galana kwa duara, na uzungukwe na ukuta wa kuzuia kifusi kisiporomoke. Ukuta ungepanda juu kiasi cha kuwa baraza ya kukalia. Nilitaka duara kwa sababu wageni wa mama hupenda kuonana nyuso wakizungumza, na kwa sababu mimi ni mtu wa kutaka mambo yaliyonyooka, hata yakiwa ya mviringo.

Wakati huo nilikuwa karani kwenye mashamba ya chumvi Marereni, nikirudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Nikamtafuta fundi mmoja, mzee Mgiriama aliyejenga nusu ya nyumba za mtaani, nikamnunulia futi mpya ya chuma, ile inayojikunja yenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, akaitundika kwenye msumari jikoni. Hapo ndipo ilipokaa mpaka kazi ikaisha. Yeye alipima kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Alichomeka kigingi katikati ya ua, akafunga kamba ya mikono sita, akachora duara mchangani.

Wiki ya kwanza nilikuta nusu ya ukuta imesimama, kutoka kushoto kwa mlango mpaka karibu na mpapai. Ulikuwa umepinda vizuri hata nikaona haya kwamba nilimtilia shaka.

Wiki ya pili akafiwa na mjomba wake huko Ganze. Akaenda matangani, na kwa kuwa alijua Idi imekaribia, alifanya la uungwana, akamleta shemeji yake amalizie. Kamba aliondoka nayo, maana ndiyo aliyofungia mzigo wake. Agizo alilomwachia shemeji lilikuwa la maneno mawili tu: mikono sita.

Shemeji alikuwa mtu mrefu wa kuinama mlangoni. Alianzia kulia kwa mlango akajenga kwa bidii, na kwa bidii sina la kumlaumu. Nilipofika Jumamosi zilikuwa zimebaki hatua mbili tu kuta zikutane, na yeyote mwenye macho angeona kwamba hazitakutana. Ule wa kulia ulikuwa unapita nje ya wa kushoto kwa shubiri moja na nusu. Saruji ilikuwa imeshika na kifusi kimeshashindiliwa ndani.

"Ulipima nini?" nikamwuliza.

"Mikono sita, bwana."

Akaulaza mkono wake kwenye kamba yake mwenyewe mbele yangu, mara sita, bila kuiba hata upana wa kidole. Ilikuwa mikono sita kweli. Mkono wenyewe ungeweza kufika Mambrui.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Futi ilikuwa jikoni inang'aa, haijagusa hata jiwe.

Jumapili asubuhi fundi akarudi. Nilikuwa nimempangia maneno makali, lakini mtu aliyetoka kuzika humwanzi na habari za ukuta. Nikampa mkono wa pole. Nikauliza marehemu aliugua nini, kama watu walikuwa wengi, na wafiwa amewaachaje. Kila swali alilijibu taratibu, na kila jibu lilizaa jingine. Tulipofika kwenye ukuta hasira yangu ilikuwa imelegea kama uji, na hilo nalo likaniudhi.

Fundi akapima upande wake: sita. Akapima upande wa shemeji, ikazidi sita.

"Kumbe mkono wake mkubwa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo jema kuhusu jamaa yake. Akashauri tupinde kipande kilichobaki ili kuta ziungane. "Patakuwa na kombo, bwana, lakini kombo si ufa."

Sikutaka kombo. Idi ilikuwa imebaki wiki moja, lakini nilishika nyundo nikaanza kuvunja upande wa kulia mwenyewe. Nilikuwa kwenye jiwe la tatu mama aliponiita dirishani.

"Wafanya nini, mwanangu?"

"Navunja, mama. Wamekosea."

"Utamaliza kabla ya Idi?"

Nikalipiga jiwe la nne.

"Huo ukuta waanguka?"

"Hauanguki. Lakini una kombo, watu watatucheka."

"Nawacheke. Tangu nianguke, hakuna aliyecheka mbele yangu."

Nikaweka nyundo chini, kwa hasira, si kwa hekima. Mafundi wakaunganisha kuta, na mawe bapa ya upande ule yakabidi yakatwe moja moja. Mpaka leo sipendi kupatazama.

Siku ya Idi mama alitoka kwa mkongojo wake bila kushikwa, akaketi barazani na wanawake wenzake. Mimi niligawa kahawa, na kila mgeni nilimweleza bila kuulizwa habari ya mikono ya mafundi. Kila mmoja alicheka kuliko nilivyotaka. Nilikuwa katikati ya maelezo hayo tuliposikia mtu akiingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa rafiki yake mama wa zamani, aliyetoka Mambrui na kuchelewa. Alivua viatu, akatembea polepole mpaka chumbani. Kisha tukasikia sauti yake, imejaa hofu.

"Jamani, mgonjwa yuko wapi?"

Mama akajibu kwa sauti kutoka uani, "Mgonjwa katoka. Pita huku, uje ukae."