Nimemchezesha Dada Mbele ya Mama, na Dada Alishazikwa

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana Kasulu ni ndogo na mama yangu anajulikana kanisani. Mimi ni mwanaume wa miaka 29, sijaoa, nina kibanda cha kuchapa barua na intaneti hapa mjini, kompyuta nne, moja mbovu. Wazee wetu walikimbia kutoka Burundi zamani, sisi tumezaliwa huku na uraia tunao. Baba hayupo tena, mama analima mihogo na maharage Makere. Watakaonitukana watukane tu, nimeshajitukana vya kutosha, ila mkimaliza mnisaidie.

Dada yangu, ambaye tuko naye wawili tu, aliolewa na mtu wa kambi ya wakimbizi Kibondo, wakapelekwa Marekani. Shida ni kwamba mama masikio yake ni mazito. Ukimwekea simu anasikia mvumo tu, anapiga kelele "uraho, uraho", yaani hujambo, halafu anakurudishia simu analia. Kwa hiyo salamu zote za dada zilipita kwangu.

Dada ndiye aliyeniingiza kwenye mchezo fulani wa kompyuta. Asiyeijua michezo hiyo, iko hivi: sio kama ile ya simu unayocheza peke yako ukichoka unafuta. Humo wanaingia maelfu ya watu wa nchi zote kwa wakati mmoja. Kila mmoja anatengeneza mtu wake, anampa sura na jina, anamkuza kwa kupigana na kufanya kazi mpaka apande cheo. Mnaunda vikundi, mnaandikiana, mnasaidiana. Na ukizima kompyuta dunia yao haisimami, wenzako wanaendelea kujenga na kuuziana, ukirudi unakuta mambo yamebadilika. Mtu wa dada alikuwa mwanamke mrefu mwenye upinde, alimchagulia vazi la kufunga begani kama imvutano anazovaa mama. Mimi nilikuwa mganga, kazi yangu kumfuata nyuma nimponye akijeruhiwa. Dada alikuwa anatoka zamu kiwandani asubuhi ya kwao, kwetu ni saa kumi jioni, na saa kumi hiyo nilikuwa siipi mtu. Miaka mitatu tulitembea pamoja mle, tukicheka na kusengenyana habari za shemeji.

Mwaka jana mama alikuja hospitali Kabanga, akapitia kibandani, nikamwonyesha. Nikamwandikia dada kwamba mama ameketi hapa. Basi dada akamchezesha yule mwanamke wake, mikono juu, vile wanawake wetu wanavyocheza harusini. Mama akasema, "Ni yeye huyo. Mikono yake." Tangu hapo kila akija mjini lazima amwone binti yake, na Makere yote anawaambia watu.

Miezi minne iliyopita dada hakuingia siku tisa. Siku ya kumi nikaona yule mwanamke amesimama. Nilifurahi, nikaanza kumgombeza. Yakaja maandishi, "Mjomba, ni mimi." Alikuwa mtoto wake wa kike, ana miaka kumi na nne. Akaniandikia kwamba mama yake alianguka kazini, mshipa wa kichwa ulipasuka, wameshamzika. Baba yake alikuwa ananitafuta kwenye laini yangu ya zamani, mtoto akaona pa kunipata ni humo tu. Nikafunga mlango mchana kweupe na wateja wako nje.

Nikampa mtoto namba yangu mpya, shemeji akanipigia, akasema, "Mwanaume wa nyumba huko ni wewe. Mwambie mama taratibu." Nikasema nitamwambia. Nimeenda Makere mara mbili kwa kazi hiyo. Mara ya kwanza nilimkuta anapukuchua maharage anaimba, nikashindwa. Mara ya pili akaniwahi, "Dada yako hajambo?" Mdomo wangu ukajibu hajambo.

Sasa kosa lenyewe. Yule mtoto alinipa namba ya siri ya mama yake, niwe naingia nikimkumbuka. Mwezi uliopita mama akaja. Nilimkalisha mbele ya kompyuta yenye yule mganga wangu wa mchezoni, nikaenda kompyuta ya tatu kama mtu anayehudumia mteja, nikaingia kwa jina la dada, nikamchezesha. Mikono juu vilevile. Mama akacheka, akapapasa kioo, akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "huyu dada yako mbona hazeeki?" Nilikuwa nimempa mgongo, machozi yananidondokea kwenye vibonye.

Nyie wa mikoa mingine labda hamnielewi uzito wake. Kwetu ukifiwa unaacha jembe, unakaa matanga, watu wanakuja kukaa na wewe, na baada ya muda mnaganduka, yaani mnaondoa msiba pamoja ndipo maisha yaendelee. Mama yangu amelima, ameimba, amecheza harusi mbili, na mwanawe yuko kaburini. Akijua, hatalia msiba tu, atalia na aibu ya kila siku aliyocheka. Hiyo mimi ndiye niliyempa, na siwezi kumrudishia hata siku moja.

Jumapili ijayo ana shukrani kanisani kwa ajili ya dada. Mbuzi ameshafungwa uani. Amesema nibebe kompyuta na modemu niende nayo Makere, wanawake wenzake wamwone binti yake anacheza.

Jana yule mtoto kaniandikia, "Mjomba, bibi alivyoambiwa alilia sana?" Nikamjibu ndiyo, alilia sana. Akasema, "Afadhali. Nilidhani nalia peke yangu."

Nyie mliowahi kumpelekea mzazi habari ya msiba, niambieni. Jumapili nikifika pale, sentensi ya kwanza niseme nini?