Gari ya Afande Ilikuwa Inalia Kulia

Nyinyi mnaoniandikia kila wiki kwamba mafundi wa Kampala wote ni wezi, mmenichosha. Mnapeleka gari, mnasema "ina sauti," mnakaa pembeni na simu. Sauti ikirudi, matusi. Hata jina la huyo fundi hamlijui. Wangu anaitwa Kasereka, na leo mtamsikia mpende msipende.

Kasereka ni Mkongo wa Butembo. Gereji yake iko chini ya kilima cha Mengo, nyuma ya mahali wanapoosha magari, na anaongea na gari kuliko anavyoongea na watu. Nimemsikia akikemea injini, "Weye unaleta kiburi, na mie niko na njaa!" Mke wake Bibiane anakaanga samaki hapo mlangoni. Anasema akitaka mume wake amsikilize, inabidi apige honi.

Mwanzoni mwa wiki hii akaingia Afande Lamwaka, mama wa polisi anayekaa Luzira, na gari yake nyeupe ya zamani. Nyuma alikaa mama yake mzazi, Mama Filda, mguu umenyooshwa kwenye kiti. Amefanyiwa operesheni ya goti, hawezi kupanda basi la abiria, na anataka kurudi kwake Gulu. Jumamosi lazima wasafiri. Lakini usukani unapiga kelele, na kwenye kona unakuwa mzito kama unazungusha jiwe. Usukani mzito kwenye barabara ya Gulu, na malori yale, mnajua maana yake.

"Fundi, gari inalia kulia," Lamwaka akasema.

"Iko nalia kulia?"

"Inalia kulia! Sana!"

Kutoka nyuma, Mama Filda akasema, "Inanililia mimi kabla sijafa."

Kasereka akafungua boneti. Mafuta ya usukani yalikuwa yamepungua, na yana povu kama chai ya maziwa. Povu maana yake hewa imeingia, na pampu ikimeza hewa lazima ipige kelele. Akaongeza mafuta, akainua tairi za mbele, akazungusha usukani huku na huku mpaka povu likaisha. Akawasha, akakata pande zote mbili gari ikiwa imesimama. Kimya. Wakaenda.

Ijumaa asubuhi, jana yenyewe, Lamwaka karudi peke yake, amevaa yunifomu, amenuna.

"Mkongo! Uliniambia imepona!"

"Imerudia?"

"Haijawahi kuacha! Gereji nyingine wananiambia nitoe pampu yote. Wewe unasema nini?"

Kasereka akaingia chini ya gari na tochi, akatoka anakuna kichwa. Hakuna tone. Mafuta hayamwagiki popote, sasa hewa inapita wapi? Akagusa mkanda, uko sawa. Akaweka bisibisi kwenye pampu, mpini kwenye sikio, akasikiliza. Pampu nzima.

"Mama afande, pampu haina kosa. Ila hii gari hainiambii ukweli."

"Mimi nimekuambia ukweli! Inalia kulia!"

"Ndiyo, mama, nilisikia. Iko nalia, iko nalia, haiachi kulia."

Lamwaka akamwangalia kama anaangalia mlevi kituoni. Halafu akapanda kwenye sauti ile ya paredi.

"Fundi! Simama wima! Kulia... geuka!"

Kasereka akasimama na bisibisi yake, hakugeuka popote. "Nilie juu ya nini, mama? Mie nimelia ya kutosha tangu Butembo."

Bibiane akaacha samaki, akacheka mpaka akashika ukuta. Lamwaka naye akajaribu kukaza uso, akashindwa. Akanyoosha mkono wa kulia. "Huku! Huku ni kulia!"

"Huko?" Kasereka akashika kichwa. "Huko kwetu ni kuume! Yesu wangu. Kumbe inalia ukikata kuume *tu*?"

"Si ndiyo nilisema tangu Jumatatu?"

Kasereka alikuwa ameshainama ndani ya boneti. Injini ikiwa imewashwa, akachukua nondo, akaisukuma taratibu upande wa kushoto, jinsi inavyolala gari ikikata kulia kwenye mwendo. Ikalala kirahisi mno, raba inayoishikilia imekufa. Ikavuta na mpira unaopeleka mafuta kwenye pampu, na pale chini ya klipu ukafunguka mdomo mdogo. Pampu ikaanza kulia. Akaachia nondo, mdomo ukafunga, kimya. Ndiyo maana hakuna tone: mpira ule haumwagi, unafyonza.

"Nimekupata," akaiambia gari. "Mdomo wako uko huku, weye unalilia kule."

Akaweka mpira mpya na raba mpya ya injini, akatoa hewa tena. Safari hii akapanda naye, wakazunguka nje barabarani. Waliporudi, Lamwaka alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja kama kijana wa mjini, na Kasereka anapiga dashibodi kwa furaha.

Lamwaka na mama yake wameondoka leo alfajiri. Asubuhi hii Kasereka hafanyi kazi, anafuta spana zilezile na kutazama simu. Nikamwambia, "Si umpigie?"

"Hapana. Simu ya fundi ikimkuta mtu njiani, atafikiri nimekumbuka skrubu niliyosahau."

Kwa hiyo wewe uliye kwenye barabara ya Gulu: ukiona gari nyeupe kuukuu imevuka daraja la Karuma, mama wa polisi kwenye usukani na bibi nyuma amenyoosha mguu, niandikie hapa chini sasa hivi. Niko hapa gereji, nitamsomea Kasereka.