Jua la Saa Nne

Moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe hauna harufu nzuri, lakini mimi huupenda. Baba alikiwasha kinyesi hicho katika kopo alilolitoboa kwa msumari, akaupuliza moshi mizingani, nami nikisimama nyuma yake nimejifunika leso ya mama hadi puani. Tulikaa mtaa wa Jericho, Nairobi. Baba alikuwa seremala, na mizinga yake miwili ilikuwa kwenye uwanda wa nyasi wa Donholm, kabla nyumba hazijajaa. Alikuwa mtu wa utaratibu hadi anaudhi. Mzinga, alisema, hufunguliwa kati ya saa nne na saa sita, jua likiwa kali, maana saa hizo nyuki wakubwa wenye hasira wamekwenda kutafuta maua na ndani wamebaki wadogo wapole. Siku ya baridi na mawingu wote wako nyumbani, na wote wamenuna.

Hiyo haikuwa porojo. Mwaka mmoja alifungua jioni, kama walivyofanya kwao Ukambani, na nyuki wakawavamia mbuzi waliokuwa wakiswagwa kwenda machinjioni Kiamaiko. Wawili walikufa. Wenye mbuzi walitaka kuichoma mizinga, baba akawasihi, akaapa kwamba hatafungua tena ila jua likiwa juu.

Kisha mama akaugua kifua. Ilikuwa Julai, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na Nairobi yote ilikuwa ya kijivu. Chakula kilimshinda. Alichotaka ni sega la nyuki wetu, alitafune kama alivyotafuna kwao akiwa msichana. Nilimletea asali ya dukani, akalamba kidogo, akasema hiyo ni sukari, akanirudishia kijiko.

Kila asubuhi baba alitoka nje, akatazama juu, akarudi. Mama aliuliza kwa upole, "Baba Mumbua, leo pia hakuna?"

"Kesho, jua likitoka."

Mwanzoni walicheka, mama akisema mume wake ameoa nyuki. Siku ya tisa hakucheka. Nilimvuta baba shati nikamwambia twende tu, mimi nitashika moshi. Akaniambia nisimfundishe kazi. Nilimchukia siku hiyo, nasema wazi.

Siku ya kumi na mbili, chai ikiwa bado jikoni, mama akafariki. Tulimzika Machakos. Wiki iliyofuata jua likatoka. Baba alikwenda saa nne kamili, akarudi na sufuria iliyojaa masega, akaiweka mezani. Hakuna aliyeigusa. Sisimizi ndio walioyamaliza masega.

Siku hizi Donholm imejaa nyumba, nami naishi ghorofani mtaa wa Tassia, nimempita mama kwa umri. Mgonjwa akitamani kitu, watu wanapiga simu na kinaletwa mlangoni kabla ya chakula cha mchana. Nilipata kumuuliza mfugaji mmoja wa nyuki kuhusu siku za mawingu. Alisema inawezekana: unatia moshi mwingi, unakata sega moja, unafunga haraka. Utaumwa, basi. Baba aliyajua hayo.

Alipozeeka aliniuliza mara moja, bila kunitazama, "Ningefungua tu, sivyo?"

Nikamwambia, "Jua halikuwepo, baba."

Akaitikia kwa kichwa, mabega yakamshuka. Nilimjibu hivyo kwa sababu nilimpenda. Moyoni nilikuwa nimeshamjibu tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja: ndiyo, ungefungua.