Bakuli la Marva Dinkel

Binti wa Arlys Kucera aliitwa mwanaume kwenye kipaza sauti, mbele ya jukwaa zima la watazamaji, na mwanamke aliyemwita hivyo hajaomba radhi kwa mdomo hadi leo. Hilo ndilo kosa. Mengine yote ni viazi.

Arlys ni mwanamke anayefuga ng'ombe nje ya mji mdogo wa Nebraska, Marekani, katikati ya mahindi. Ana mabega mapana kama ya mama yake, na kama ya bibi yake, ambaye inasemekana aliwahi kumbeba padri mlevi mgongoni mpaka nyumbani. Jodell, binti yake wa pekee, kayarithi mabega hayo. Amekua akirusha marobota ya nyasi kavu juu ya trela, basi tufe la chuma kwake ni kama limau.

Siku ya mashindano ya wilaya, kwenye kurusha tufe kwa wasichana, habari zilikuwa zimeenea kwamba kati ya warushaji yumo msichana aliyezaliwa mvulana. Marva Dinkel wa mji jirani, ambaye binti yake alikuwa wa pili nyuma ya Jodell, hakuuliza mtu. Alipima mabega kwa macho, akaenda kwenye meza ya mtangazaji, akakikamata kipaza sauti kama anayekamata kuku, akadai yule mvulana mwenye nywele fupi atolewe ili wasichana wapate haki yao. Kidole chake kilimwelekea Jodell.

Ndipo msichana mwembamba kama ufagio, jina lake Wren, ambaye hakuwahi kujificha, akainua mkono.

"Samahani mama, unayemtafuta ni mimi," akasema. "Nimekuwa wa saba. Tuko wanane."

Marva akamtazama Wren, akamtazama Jodell, akamrudia Wren. "Una hakika?"

Watu walicheka mpaka soda zikawapalia. Jodell hakucheka. Aliliweka tufe chini polepole, akaenda kukaa ndani ya gari, na tangu hapo hajarusha tena. Mashindano ya jimbo, ambayo amefuzu, ni mwezi ujao. Tufe sasa linazuia mlango wa banda la kuku.

Huko kwao mtu akikosea haombi radhi kwa mdomo. Huoka viazi kwa jibini, akakuletea vya moto mlangoni. Wewe unakula, unaosha bakuli, unalirudisha, yamekwisha. Marva alivileta Jumapili. Arlys alivipokea, akampa mbwa, maana mbwa hakuwa na ugomvi na mtu. Bakuli akalibakiza.

Baada ya wiki Marva akaja kulifuata.

"Ni la mama mkwe wangu, Arlys. Ananiulizia kila siku."

"Liko juu ya jokofu. Halijambo."

"Mimi nilikuwa natetea haki za wasichana tu."

"Na wangu ni nini, robota la nyasi?"

Marva akasema lakini swali la Wren, kama aliyezaliwa mvulana ashindane na wasichana, ni swali la kweli. Arlys hakubisha. Alisema hata yeye hajui angefanyaje kama Wren angempita Jodell. Huenda angepiga kelele kumshinda Marva. Ila Wren aliinua mkono kumwokoa msichana asiyemjua, wakati watu wazima wanatafuna karanga.

"Swali lako kaliulize kwa wanaolijua," akamwambia. "Usiliulize kwenye mabega ya mtoto."

Wren humpigia simu Jodell karibu kila jioni, akimchokoza: "Wewe kaa tu na kuku wako, dada. Ukikosekana, mimi nitakuwa wa sita." Juzi Arlys alisikia Jodell akicheka. Asubuhi alikuta tufe limeondolewa, na mlango wa kuku umezuiwa kwa jiwe.

Lakini Jodell ameapa: atarudi uwanjani siku jina lake litakaposafishwa kwenye kipaza sauti kilekile, na sauti ileile. Hilo ni deni la Marva, na halilipwi kwa jibini. Arlys naye anadaiwa bakuli. Ameliosha, limekauka, lina jina la Dinkel kwenye plasta chini yake. Maneno yakisemwa mbele ya jukwaa, litarudi siku hiyohiyo, na kwa kuwa naye alikosea kulizuia, kwa desturi yao halitarudi tupu.