Kasuku wa Isnino Atafutiwa Tundu la Safari

Isnino wa Kiwanjani hakuwa mwanamke wa kushindwa na mzigo. Mumewe, marehemu Abdiladif, aliendesha lori la mifugo maisha yake yote, na mbuzi walipakiwa hapo hapo mbele ya nyumba yao. Msimamizi alikuwa Isnino. Alipanda nyuma, mtandio kiunoni, akiwafokea wanaume, "Msiache nafasi! Wabananisheni!" Na Abdiladif hakuondoa lori hata siku moja kabla ya kuwasha injini na kuita, "Isnino, umeshuka?"

Sasa lori liko kwa Mamo, aliyekuwa utingo wao, na mzigo uliomtoa Isnino jasho uzeeni ulikuwa ndege mmoja.

Binti yake, Kowsar, alikuwa amejifungua huko Korbesa, na mama wa Kisomali hamwachi binti peke yake kabla ya arobaini kwisha. Isnino alikuwa na furaha isiyofichika. Samli ilikuwa tayari, nguo za mtoto tayari. Kasuku ndiye aliyebaki. Ndege huyo aliishi barazani miaka mingi na kuiga sauti ya Abdiladif sawasawa, hata kikohozi chake. Kila asubuhi alisalimu, "Salaam aleikum, Isnino!" na Isnino akaitikia vizuri, kama mtu anayesalimiwa na mumewe mwenyewe. Lakini kasuku alipopelekwa kwa daktari wa mifugo ndani ya katoni, alirudi amenuna, akanyamaza majuma mengi. Isnino alihofia kwamba safari hii angenyamaza moja kwa moja, na sauti ya Abdiladif ingekwisha duniani.

Basi akaenda sokoni kwa Kinanu, muuza vyombo. Tenga la kuku alilikataa palepale.

"Huyu si wa kuchinjwa," alisema.

Akachagua tundu kubwa kuliko yote, la waya unaong'aa, lenye pembea na kioo. Alilibeba hadi nyumbani akijiona amemjengea ndege ghorofa.

Mamo alipoliona alicheka hadi akaegemea lori. "Mama Kowsar, wewe unaweza pakia mbuzi wawili kwa lori mzima?"

"Ndege si mbuzi. Washa tujaribu."

Walizunguka mtaa wa Chechelesi. Kwenye tuta la kwanza kasuku alidondoka kijitini, pembea ikamgonga kichwani, akajikuta pembeni na manyoya yake yametapakaa.

"Simama! Mamo, simama, wallahi unaniulia ndege!"

Siku ile kasuku hakusema neno. Isnino alimmenyea ndizi, naye akamgeuzia mgongo. Asubuhi hakukuwa na salamu. Isnino alikaa barazani roho ikimuuma, kisha, huku machozi yakimlengalenga, akaanza kujicheka. Yeye, aliyekauka koo akiwaambia watu mnyama mwenye nafasi kubwa barabarani ndiye anayeanguka na kuvunjika, ndiye aliyenunua ghorofa!

Akamwendea seremala. Alitoka na kisanduku cha mbao chenye wavu upande mmoja, cha ndege kuweza kugeuka tu, si kurukaruka. Kijiti kiliwekwa chini kabisa, sakafuni gunia, na juu Isnino akafunika leso yake ya kila siku, yenye harufu ya nyumba.

Siku ya safari kasuku alikuwa bado kimya. Isnino alikaa mbele, akakibana kisanduku kati yake na mfuko wa nguo za mtoto. Mamo akawasha injini. Lori likatetemeka, lakini ndani ya kisanduku hakuna kilichoanguka. Mamo akashika gia.

"Isnino!" ikaita sauti nzito kutoka chini ya leso. Ikakohoa. "Isnino, umeshuka?"

Mguu wa Mamo ulikanyaga breki wenyewe, kwa kuisikia sauti ya dereva wake wa zamani. Isnino aliweka kiganja juu ya leso, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Leo sishuki, Abdiladif," alisema. "Leo tunaenda sote kuona mjukuu."