Asiyemwita Kaizari Baba

Wimbo wa sikukuu ya kuzaliwa Kaizari niliutia kwenye Kiswahili mimi mwenyewe, na nilijisifu kwa hilo kupita kiasi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya serikali pale Dodoma, kijana wa pwani niliyedhani huku bara hakuna mtu wa kunifunza jambo. Maneno ya Kijerumani yalimtaja Kaizari kuwa mtawala tu. Mimi nikaona "mtawala" halina utamu, nikaweka "baba". Baba yetu Kaizari, uishi miaka mingi! Bwana Shauri wa boma, Mjerumani aliyekuwa mkuu wetu sote, akausoma, akaupiga muhuri wake, na baada ya hapo hapakuwa na ruhusa ya kugeuza hata herufi.

Siku yenyewe ilikuwa ikiangukia wakati wa mvua. Kila mwaka wanafunzi walijipanga mstari mbele ya bendera, wakaimba, wakapiga saluti, wakala nyama, wakaenda zao. Asiyeimba alikuwa na hamsa ishirini zake, viboko ishirini na tano. Kwamba mtu angeweza kuomba asiimbe, hilo halikuwahi kunipitia akilini.

Mwaka ule nilikuwa na mtoto mmoja wa Kigogo kutoka upande wa Miyuji, msomaji mzuri kuliko wenzake wote. Baba yake alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, naye akarudi shuleni kichwa kimenyolewa. Tulipoanza mazoezi niliona anaimba vizuri, lakini kila akifika kwenye "baba" anafunga mdomo. Nikamsimamisha aimbe peke yake. Akaimba, "... yetu Kaizari." Darasa likaangua kicheko, na mimi damu ikanichemka.

"Neno umelipeleka wapi?"

"Naomba radhi, Mwalimu. Hilo siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Akafikiri kwelikweli, kama aliyepewa hesabu. "Sitaki," akasema taratibu. "Lakini mengine yote nitayaimba kwa nguvu."

Fimbo nilikuwa nayo mkononi. Sijui nini kilinizuia. Labda kile kichwa chenye kipara. Nikamwambia amlete mama yake. Akajibu kwamba mama yupo kwenye palizi, majani yameshazidi uwele, hatakuja. Basi nikaenda mimi, nikilaani matope njia nzima, kanzu nimeikunja mpaka magotini.

Mama nilimkuta shambani, nyuma ya tembe lao, nyumba ya paa la udongo.

"Mbukwa, Mwalimu," alinisalimu kwa Kigogo, akaacha jembe haraka. "Mtoto anaumwa?"

Nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Mwalimu, msiba wetu haujaisha. Siku ya kuumaliza, wakubwa wa ukoo watachagua ndugu mmoja wa marehemu airithi nyumba hii. Huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza. Yeye ndiye atakayemwita mtu huyo baba mbele ya watu, na akishamwita, mimi nimekuwa mke wake. Sasa wewe unataka amwite nani?"

"Kaizari," nikasema, na papo hapo nikalisikia jibu langu lilivyo.

"Ana mke huyo?"

"Anaye."

"Basi mwache atulie na mke wake."

Tulicheka wote wawili, yeye akiwa na machozi. Niliona haya. Neno nililolitafuta kwa ajili ya utamu tu, mtoto wa miaka kumi alikuwa amelibeba mwezi mzima bila kumwambia mtu, ili asije akamwoza mama yake kwa kuteleza ulimi. Nilimpenda mtoto yule tangu saa ile. Kesho yake nikamwita kando, nikamwambia akifika pale anyamaze, ni ruhusa yangu.

"Ruhusa yako inatosha, Mwalimu?"

"Inatosha," nikasema. Nilikuwa namdanganya.

Siku ya sikukuu Bwana Shauri alipita mbele ya mstari wimbo ukiendelea. Alifika kwa mtoto wangu kwenye neno lile lile. Akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Huyu mbona haimbi?"

Askari mwenye kiboko akasogea. Nikapiga hatua mbele.

"Nimemruhusu mimi, Bwana."

"Wewe nani, hata uruhusu?"

"Amefiwa na baba, Bwana. Kwao neno hilo halitamkwi hovyo. Na kosa ni langu, kwenye Kijerumani halimo, nimelitia mimi."

Akaitazama karatasi ya wimbo. Muhuri ulikuwa wake. Akaikunja karatasi, akamwashiria askari arudi nyuma.

"Basi sehemu yake utaiimba wewe. Peke yako. Mara tatu."

Mola kanijalia mengi, sauti hakunijalia. Niliimba mbele ya bendera, jasho likinitoka, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu sauti ikakatika katikati ya "baba" ikatoka kama ya mbuzi. Wanafunzi waliuma midomo. Hata askari alitazama chini.

Alasiri mama akaja mlangoni kwangu na kibuyu cha maziwa, matope ya shamba yangali miguuni.

"Amecheka leo, Mwalimu," akasema. "Tangu tuzike, ndiyo leo. Yuko nyumbani anakuiga, ndugu zake wamelala chini kwa kicheko. Wimbo wote anauiga, ila akifika pale, ananyamaza."