Shangazi Aliyepika Mawe

Shangazi yangu alisoma mpaka vitabu vikamchoka, halafu akaajiriwa kupika mawe. Ndivyo bibi, mama yake mzazi, alivyowaeleza wageni, kwa uchungu wa mtu aliyetaka kuzaa daktari. "Anayasaga, anayatia kwenye tanuri la umeme, kisha anapima moshi. Kazi gani hiyo?"

Shangazi hakujali. Aliyemsumbua ni bosi wa kampuni yao ya kutafuta mafuta, mtu aliyetanguliwa na tumbo kila mlangoni. Walikuwa wametoboa kisima kwenye ukingo wa bonde la ufa, wakatoa jiwe jeusi tititi: tope la ziwa la kale, limeshiba mimea midogo iliyokufa zamani. Bosi alipoona ule weusi akashonesha suti na kuagiza bango: MAFUTA YAMEPATIKANA.

Shangazi akalipika lile jiwe, akamfuata ofisini.

"Mzee, jiwe ni zuri sana. Ila bichi."

"Bichi? Kwani ni ndizi?"

"Halijazama chini vya kutosha likapata joto. Mafuta bado hayajatengenezeka."

"Yatakuwa tayari lini?"

"Tukivumilia miaka milioni kadhaa."

"Wageni wenye mtaji wanakuja kesho!"

"Basi wawekee viti vya kuegemea."

Bosi hakucheka. Akamhamishia stoo, chumba kisicho na dirisha, apange masanduku ya mawe. Sherehe ikafanyika, hotuba zikamwagwa, kisima kikatoa maji ya chumvi. Wenye mtaji wakawaka. Bosi akashuka stoo, mpole kama mgonjwa.

"Dada yangu, tutoboe wapi?"

"Sogeeni kuelekea katikati ya bonde. Tope ni lilelile, ila huko limezama zaidi, lina joto. Lakini msifike katikati kabisa."

Wakaenda katikati kabisa, maana bosi aliamini joto likizidi na mafuta yanazidi. Ikatoka gesi tupu. Jiwe lilikuwa limeiva kupitiliza, mafuta yote yakageuka gesi. Shangazi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Safari ya tatu akaenda kuchagua mahali mwenyewe. Mafuta yakatoka kweli, mazito, yamejaa nta. Bosi akayachota kwa viganja, akajipaka kifuani mbele ya kamera. Yalipopoa yakaganda kama mshumaa, ikabidi ile suti ikatwe kwa mkasi.

Shangazi akarudishiwa maabara yake. Wikiendi ile alikuja nyumbani na chupa ya yale mafuta, akaifungua, akaipindua juu ya meza. Halikudondoka hata tone.

"Mnaona?" akasema, macho yanamwaka.

"Tunaona," bibi akajibu. "Sasa ondoa, chakula kinakuja."